Kutoka Makupa Hadi Mapango ya Shimoni

Makupa ni mlango wa kisiwa cha Mombasa. Gunia la mahindi, shehena ya chuma na abiria wa basi la Nairobi, vyote hupita hapo kabla ya kufika katikati ya mji. Zamani palikuwa na kivuko ambacho maji yakipwa mtu aliweza kukivuka kwa miguu, na kwa sababu hiyo Wareno walijenga ngome ndogo hapo za kulinda kisiwa. Hofu yao haikuwa ya bure, kwa maana mwaka 1589 Wazimba waliotoka kusini walivuka kutoka bara wakaingia mjini, na watu wengi wakauawa. Reli ya kwenda Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896, daraja lake la kwanza lilipita hapo hapo. Baadaye likajengwa tuta la mawe na udongo lililozuia mkondo wa maji, na mwaka 2022 likafunguliwa daraja jipya ili bahari ipate tena njia yake ya kuzunguka kisiwa.

Basi mkazi wa Makupa huona watu wakipita kwenda mbali kila siku ya maisha yake. Lakini ajabu ni kwamba wengi wa wakazi hao hawajafika hata wilaya za jirani, wala hawajui kwamba chini ya ardhi ya Pwani yao kuna mambo ambayo wageni husafiri nusu ya dunia kuja kuyatazama.

SIKU YA KUZALIWA NA SAFARI YAKE

Siku hizi imeenea desturi ya kuadhimisha siku ya kuzaliwa. Wazee wa zamani hawakuwa nayo. Wao walihesabu umri kwa njaa, kwa vita na kwa mvua kubwa, na mzee akiulizwa alizaliwa lini, alijibu kwamba alikuwa akichunga mbuzi wakati wa jambo fulani, na hesabu ikaishia hapo. Leo watu wana vyeti. Siku ikifika, marafiki hukusanyika, keki hukatwa, na mwenye siku humwagiwa ndoo ya maji kichwani huku akipigiwa vigelegele. Kesho yake hakuna kilichobaki ila sahani za kuosha, na pengine deni dukani.

Lakini wako wachache wanaoitumia siku hiyo kwa namna nyingine. Huondoka nyumbani alfajiri, kila mmoja peke yake, wakaenda mahali wasipopajua. Anayefanya hivyo si lazima awe na huzuni au amegombana na watu wake. Mtu akiwa na wenzake husikiliza maneno yao, na akiwa peke yake husikiliza mahali penyewe. Wahenga walisema, "Tembea uone," nao hawakusema lazima kutembea kuwe kwa kundi.

Tuseme mtu huyo ni karani wa bandarini, mkazi wa Makupa, naye anatimiza miaka 40. Ana siku moja ya mapumziko, chakula ndani ya mfuko, kurunzi, na viatu visivyoteleza. Anataka kuingia chini ya ardhi. Je, aende wapi?

MWAMBA ULIO CHINI YA MJI

Kabla ya kuondoka kisiwani, yafaa ajue kwamba amelala juu ya matumbawe maisha yake yote. Kisiwa cha Mombasa, pamoja na ukanda wa pwani kutoka Kilifi hadi Vanga, kwa sehemu kubwa ni mwamba uliojengwa na wadudu wadogo wa baharini. Zaidi ya miaka laki moja iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, na matumbawe hayo yakamea humo. Kisha bahari ikashuka, na yaliyokuwa bustani ya samaki yakawa nchi kavu. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imesimama juu ya mwamba huo. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe yake na kupakwa chokaa yake. Karibu na Leven House, katika Mji wa Kale, ngazi zimechongwa ndani ya mwamba zikishuka hadi ufukweni, na anayezishuka huonja kidogo yale atakayoyakuta mbele ya safari.

Mwamba wa namna hii huliwa na maji. Mkulima anayetaka kusadiki achukue kipande cha kombe la pwani akidondoshee ndimu. Ataona povu likichemka. Maji ya mvua nayo yana ukali, ingawa ni mdogo sana kuliko wa ndimu, kwa sababu huchukua angani na udongoni ile hewa ambayo mtu huitoa anapopumua. Tone moja halifanyi kitu. Matone ya miaka elfu kwa maelfu hupanua ufa ukawa tundu, na tundu likawa chumba. Kisha maji yale yale yaliyobomoa huanza kujenga: kila tone linaloning'inia darini huacha chembe ya chokaa, na chembe juu ya chembe huwa nguzo zinazoning'inia kama mishumaa. Ndivyo mapango ya Pwani yalivyofanyika.

NJIA YA KUSINI

Shimoni iko yapata kilomita 80 kusini ya Mombasa, karibu na mpaka wa Tanzania. Mtu wa Makupa aweza kupita barabara ya Dongo Kundu inayozunguka nyuma ya bandari, au aweza kufuata njia ya zamani, akavuka kwa feri ya Likoni. Anayevuka kwa feri husimama pamoja na wachuuzi wa mboga, wanafunzi, mafundi na mikokoteni, nao wote huwa na haraka. Ni safari ya dakika chache tu, lakini wenyeji hawaidharau bahari, kwa kuwa hawajasahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama karibu na hapo, na watu 272 wakapoteza maisha.

Baada ya Likoni barabara hupita Waa, Tiwi na Ukunda. Kushoto, upande wa bahari, ndiko iliko Diani yenye hoteli za watalii, na mbele kidogo msitu wa Kaya Kinondo. Msitu huo ni mmoja wa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia. Mti haukatwi humo, wala mtu haingii bila idhini ya wazee.

Kisha huja Msambweni na minazi yake, halafu Ramisi na miwa yake. Kiwanda cha zamani cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na miwa ikarudi baadaye na wenye kiwanda wapya. Katika sehemu hizo wanaishi Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge. Waliishi Kenya miongo mingi bila kitambulisho, hata mwaka 2016 walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai haki yao, wakakubaliwa kuwa raia. Msafiri anayekwenda kutazama pango la watumwa yafaa alikumbuke jambo hilo njiani: mtu aweza kukaa mahali maisha yake yote, akafanya kazi, akazika wazee wake, na bado akaulizwa ni wa nani.

Huko Kanana barabara ya Shimoni huacha njia kuu na kuelekea baharini. Mwisho wake ni kijiji cha wavuvi, na ng'ambo ya mkondo kinaonekana kisiwa cha Wasini. Wenyeji ni Wachifundi, Wavumba, Wadigo na wengineo. Jina la kijiji halihitaji kufasiriwa: pana shimo, na watu wamejenga shimoni.

NDANI YA PANGO

Mwenye kusafiri peke yake na aache upweke wake mlangoni. Haifai mtu kuingia pangoni bila mwenyeji, na wala si kwa sababu ya adabu tu. Ndani kuna giza, kuna utelezi, na kuna njia zinazogawanyika. Msafiri hutoa salamu, husema "Shikamoo" kwa mzee anayemkuta, hulipa ada, kisha humfuata kiongozi wake. Ada hiyo hupokewa na wenyeji wa Shimoni wenyewe, na fedha yake imesaidia mambo ya kijiji.

Mtu hushuka ngazi kutoka katika joto la mchana na kuingia katika baridi ya kisima. Mwanzoni mwanga hufuata, kwa maana dari lina matundu, na mizizi ya miti hushuka kupitia matundu hayo ikitafuta maji kama kamba zilizoteremshwa na mtu aliye juu. Halafu mwanga hubaki nyuma. Popo huamka na kulalamika. Nguzo za chokaa huonekana na kutoweka kadiri kurunzi inavyogeuka. Kiongozi huonyesha mahali pa maji, na huonyesha ukutani vyuma vya zamani, ambavyo husemwa kwamba watu walifungiwa hapo minyororo. Pango huendelea mbele mbali kuliko wageni wanakopelekwa. Wenyeji husema ni kilomita nyingi.

Kisha viongozi wengine huwaambia wageni wazime taa. Hakuna maelezo ya kitabu yanayoweza kufanana na dakika hiyo moja. Mtu hauoni mkono wake mwenyewe, husikia matone tu. Karani wetu aliyetimiza miaka 40, ambaye mchana wake wote huenda kwa saa ya ukutani, hawezi kusema kama amesimama hapo dakika moja au kumi. Na hapo ndipo swali humjia bila kuitwa: walioletwa hapa bila taa na bila tumaini la kutoka walihesabu siku zao kwa nini?

MASIMULIZI MAWILI JUU YA PANGO MOJA

Lazima kusema kweli kwamba habari za pango hili si moja. Husimuliwa kwamba watu wa sehemu hizi walilitumia kama maficho. Wamasai walipokuja kuteka mifugo, na wakamata watumwa walipokuja kuteka watu, wenyeji waliingia ndani na watoto wao mpaka hatari ilipopita. Pia lilikuwa mahali pa ibada na matambiko. Simulizi la pili ndilo linalojulikana zaidi kwa wageni: kwamba wafanya biashara waliwaweka humo watu waliotekwa bara, wakingoja jahazi la kuwavusha kwenda Unguja na Arabuni.

Tarehe za serikali husaidia kueleza kwa nini mahali pa siri palitakiwa. Mwaka 1845 Sultani Said wa Unguja alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kuzuia watumwa wasipelekwe nje ya milki yake ya Afrika. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alikubali kufunga soko la Unguja na kukomesha kabisa kusafirisha watumwa kwa bahari. Lakini biashara yenye faida haifi kwa sahihi moja. Iliacha bandari kubwa ikahamia katika ghuba ndogo, na usiku ukachukua nafasi ya mchana. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria Unguja mpaka 1897, na katika pwani ya Kenya mpaka 1907. Kwa hiyo wako wazee waliokufa katika miaka ya 1960 ambao walizaliwa wakati mtu mmoja alikuwa mali ya mwenzake katika mji wa Mombasa.

Masimulizi hayo mawili si lazima yapigane. Shimo lililomficha mtu aliyekimbia laweza pia kumfunga mtu aliyekamatwa. Tofauti ni nani aliyeshika mlango. Lakini msafiri mwenye busara husikiliza bila kuongeza chumvi. Wapo wageni wanaopenda habari ya kutisha, na wapo wenyeji wanaoona haya, kwa sababu katika Pwani hii mjukuu wa aliyeuza na mjukuu wa aliyeuzwa huenda wanaswali safu moja, na pengine wameoana. Kusema uwongo ili kumfurahisha mtalii ni kosa. Kunyamaza kabisa ili kumfichia mtu aibu ni kosa pia.

Anayetaka kujua mwisho wa habari hiyo hana haja ya kwenda mbali na Makupa. Avuke daraja la Nyali, na huko bara atakuta mahali palipoitwa Frere Town, ambapo mwaka 1875 wamisionari walianza makazi ya watumwa waliookolewa baharini. Kengele iliyopigwa kuwaonya watu hao wakati wa hatari ndiyo iliyowapa jina Kengeleni, ambapo leo matatu hushusha abiria wasiojua kwa nini kituo kinaitwa hivyo.

MTOTO WA PANGA YA SAIDI

Lipo pango lingine ambalo mtu wa Mombasa hana budi kulijua, nalo liko kaskazini, katika vilima vya Dzitsoni huko Kilifi, kiasi cha kilomita 15 kutoka baharini. Jina lake ni Panga ya Saidi. Mwamba wake si matumbawe mapya kama ya Shimoni. Ni chokaa ya Kambe, iliyofanyika zamani sana kabla mtu hajakuwako duniani.

Tangu mwaka 2010 wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wenzao wa Ujerumani na nchi nyingine walichimba humo, tabaka kwa tabaka. Walipata zana za mawe, na shanga zilizotengenezwa kwa makombe ya bahari. Mwaka 2017, kiasi cha mita tatu chini ya sakafu ya pango, waliifikia mifupa ndani ya shimo la duara. Ilikuwa laini mno hata haikuweza kuguswa, basi wakaizungushia plasta pamoja na udongo wake, wakaupeleka mzigo wote Nairobi, na baadaye Hispania kwa uchunguzi. Matokeo yalitangazwa mwezi wa Mei 2021. Alikuwa mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Hakuna kaburi la mtu lililo la zamani zaidi lililokwisha kujulikana katika Afrika nzima. Wataalamu walimwita kwa jina la Kiswahili, Mtoto.

Mtoto huyo alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Ilionekana kwamba mwili ulifungwa katika kitu, labda ngozi au majani, na kwamba kichwa kiliegemezwa juu ya kitu kilichooza zamani, kama mto. Yaani mtu alichimba shimo, akamfunga mtoto asiumie, akamwekea mto, kisha akamfukia. Hatujui walisema lugha gani wala walimwita nani mtoto huyo. Lakini mama yeyote wa Makupa au wa Kilifi akielezwa namna alivyolazwa, ataelewa bila mkalimani.

Ndiyo maana inafaa mtu kwenda mapangoni katika siku ya kuzaliwa kwake. Miaka 40 huonekana mingi mbele ya keki. Mbele ya mtoto ambaye pengine hakutimiza mitatu, na ambaye amelala miaka 78,000, mtu huacha kulalamika kwamba anazeeka, akaanza kushukuru.

YANAYOWEZA KUPOTEA

Mapango hayawezi kujilinda. Chokaa iliyojenga Mji wa Kale ndiyo inayotafutwa leo kwa saruji na kokoto. Kiwanda cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na kila jengo la ghorofa linaloinuka Mombasa linadai sehemu yake ya mwamba. Hapana anayeweza kusema watu wasijenge. Na ni kweli kwamba machimbo yaweza kuponywa: pale Bamburi kazi ya kupanda miti katika mashimo makavu ilianza mwaka 1971, na leo ni msitu wenye viboko na ndege. Lakini pango likivunjwa halipandwi tena. Kaburi la Mtoto lingegeuzwa kokoto kwa siku moja, na pasingekuwa na mtu wa kujua kilichopotea.

Kuna hasara ndogo pia, ambazo wageni hufanya kwa mikono yao. Mtu huandika jina lake ukutani. Mwingine huvunja nguzo ya chokaa aipeleke nyumbani, naye hajui kwamba ameondoa kazi ya karne nyingi. Wengine hufukuza popo kwa moshi. Mkulima yampasa awe wa kwanza kuwatetea popo, kwa maana walao wadudu hupunguza adui wa shamba, na walao matunda hupeleka mbegu mbali na kuchavusha maua ya mbuyu usiku. Hata hivyo wasiguswe. Katika pango la Kitum, mlimani Elgon, wageni wawili, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, walidhaniwa kupata humo homa mbaya ya Marburg, ambayo popo huichukua. Heshima na tahadhari huenda pamoja.

Gharama ya safari kama hii si kubwa kuliko ya sherehe ya watu kumi. Mtu aondoke mapema, achukue kurunzi mbili badala ya moja, awaambie watu wa nyumbani anakokwenda, na amlipe kiongozi haki yake bila kubishana. Asichukue kitu pangoni, wala asiache kitu. Na akirudi jioni, watoto wakamwuliza ameleta zawadi gani, awakalishe chini awasimulie habari za makundi mawili ya watu walioishi katika mwamba mmoja wa Pwani: wale waliomwekea mtoto aliyekufa mto wa kulalia, na wale waliotia chuma ukutani ili kumfunga mtu aliye hai. Wote walikuwa watu, na kila kizazi huchagua upya kitafuata mfano wa nani.